Mbwa wangu akifungwa kamba anajilaza na kutetemeka: nifanye nini?

Swali

Daktari, shikamoo. Ninaishi Kimara, Dar es Salaam, na familia yangu. Miezi miwili iliyopita tulimchukua mbwa wa kienyeji, dume, anayekadiriwa kuwa na miaka miwili, kutoka kwa watu wanaookoa wanyama. Tuliambiwa alikutwa amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba ambayo wenyewe walihama wakamwacha. Tumempa jina la Popi. Uani hana tatizo: anakula, anacheza na wanangu, usiku analala mlangoni. Lakini nikimfunga kamba anajilaza kifudifudi, anatetemeka, mara nyingine anajikojolea. Mume wangu alijaribu kumvuta hadi nje ya geti ili azoee. Popi akarudi kinyumenyume, kola ikamchomoka kichwani, akakimbia. Tulimpata jioni sana. Jirani anatushauri tununue kola ya mnyororo inayobana shingo, tumtoe kwa nguvu kila siku mpaka azoee. Wengine wanasema nisimbembeleze, nitamdekeza. Je, ataweza kutembea kwa kamba, au tukubali kwamba huyu ni wa kukaa uani tu?

Jibu

Marahaba, dada. Poleni kwa siku ile ya kumtafuta Popi, na ahsanteni kwa kumchukua mbwa ambaye wengine walimwacha kwenye mnyororo.

Kola ya kubana msiinunue. Na kuanzia leo Popi asitoke nje ya geti kwa muda, wiki tatu au nne hivi, huenda zaidi. Najua hili litakushangaza kwa sababu swali lako ni la kutoka, lakini mbwa mwenye ua wa kukimbia, watoto wa kucheza nao na pembe za kunusanusa hadhuriki kwa kukosa barabara mwezi mmoja. Kinachomdhuru ni zile safari za getini zinazoishia kwa kutetemeka. Kila moja inamthibitishia kwamba kamba ni balaa, na kadiri uthibitisho unavyorundikana ndivyo kazi ya kuufuta inavyozidi kuwa ndefu.

Fikiria mnyororo ulimfundisha nini. Mbwa akiogopa ana njia chache: akimbie, apigane, au agande palepale. Aliye huru huchagua kukimbia karibu kila mara; hata mbwa koko anayebweka kwa ukali mtaani, ukimwachia nafasi, atajitenga mwenyewe. Mbwa wa mnyororo hana nafasi hiyo. Akirushiwa jiwe, akivamiwa na mbwa wengine, radi ikipiga wakati wa masika, anakimbia hatua tatu kisha mnyororo unamrudisha kwa shingo. Baada ya muda anaacha hata kujaribu. Kwa hiyo unapomfunga Popi kamba, hata iwe mpya na laini, shingo yake inapokea habari ileile ya zamani kwamba hapa hakuna pa kukimbilia. Ndiyo maana bila kamba ni mchangamfu na akifungwa anakuwa mbwa mwingine kabisa. Ule mkojo nao usiuhesabu kuwa ukaidi. Ni mwili uliozidiwa na hofu, na kumkaripia kwa ajili yake kunamwogofya zaidi.

Katika barua yako kuna jambo moja lililonipa matumaini makubwa: anacheza na wanao. Mwaka 1961 watafiti watatu wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walichapisha matokeo ya kulea watoto wa mbwa ndani ya uzio bila kuguswa na mtu. Wale waliokutana na binadamu kwa mara ya kwanza wakiwa wamefikisha wiki 14 walikuwa wamechelewa; waliwaogopa watu kama wanyama wa porini. Popi angekuwa wa namna hiyo, asingemsogelea mtoto. Inaonekana utotoni mwake alishikwa na watu na akawaona ni wema, na mnyororo ulikuja baadaye. Hofu iliyokuja baadaye, juu ya kitu kimoja kinachojulikana, ndiyo iliyo rahisi zaidi kushughulikia.

Sasa ushauri wa jirani. Simlaumu, maana mbwa wengi wa ulinzi hapa kwetu wamefundishwa hivyo, na kwa macho ya haraka njia hiyo huonekana inafaa. Mbwa akiburutwa kila siku, iko siku ataacha kupinga na atatembea. Lakini mwangalie kwa karibu anavyotembea. Amefyata mkia hadi tumboni, masikio yamelala nyuma, mgongo umejikunja, hanusi nguzo wala jani lolote njiani, na ukimnyooshea kipande cha nyama anakigeuzia uso. Mbwa huyo hajazoea kitu. Amekata tamaa, na mbwa aliyekata tamaa barabarani ni hatari kwake na kwa watu, kwa sababu siku kitu kikimfikia kwa ghafla mno ataruka kukitoroka au atauma.

Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, huko Pennsylvania, Marekani, walichapisha jaribio ambalo husikitisha kulisoma. Mbwa walipigwa shoti za umeme wasizoweza kuziepuka. Baadaye waliwekwa mahali ambapo wangeweza kuruka kizuizi kifupi na kujinusuru, na wengi wao hawakuruka. Walijilaza na kuzipokea. Kwa miongo kadhaa ilielezwa kwamba mbwa hao walikuwa wamejifunza kwamba hawana la kufanya. Kisha mwaka 2016 watafiti haohao wawili, baada ya uchunguzi mrefu wa ubongo, waliandika kwamba maelezo hayo yalikuwa kinyume. Kujilaza ndiko mwili unakofanya wenyewe mateso yanapoendelea muda mrefu, bila kufundishwa. Kinachojifunzwa ni kile kingine, yaani kujua kwamba tendo langu linaweza kubadilisha kinachonipata.

Hapo ndipo kazi yenu yote ilipo, dada. Popi hahitaji kuzoezwa barabara. Anahitaji kugundua kwamba akiwa kwenye kamba bado ana sauti: akisita, mnasimama; akigeuka, mnageuka naye; akisogea mbele, kamba inalegea na jambo zuri linatokea. Chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa tamko mwaka 2021 kupendekeza mafunzo ya kutuza pekee kwa mbwa wote, hata wale wakali. Kwa mbwa mwoga nasema hivyo kwa mkazo zaidi, kwa sababu kola ya kubana humletea maumivu ya shingo wakati uleule anapoona kitu anachokiogopa, naye anaviunganisha viwili hivyo kuwa kitu kimoja.

Na kumbembeleza? Mbembeleze. Hofu si hila ambayo mbwa huitumia kupata kitu, kwa hiyo hutaikuza kwa kumfariji. Akikukimbilia na kujiegemeza mguuni, mwekee mkono kifuani, sema naye kwa sauti ya chini, mwondoe penye kitisho. Usichotakiwa kufanya ni kumshika kwa nguvu au kumkumbatia anapotaka kujitoa, maana hapo umekuwa mnyororo wewe mwenyewe.

Kabla ya mafunzo yoyote mpelekeni kwa daktari wa mifugo, au mwiteni aje nyumbani, jambo ambalo kwa hali ya Popi ni bora. Mwombeni apapase shingo yote chini ya manyoya. Mbwa waliokaa kwenye mnyororo huwa na makovu, vidonda vya zamani vilivyofungia uchafu ndani, na wakati mwingine waya au kipande cha kamba kilichozama kwenye ngozi. Kama shingo inauma, hakuna maini ya kumtuza yatakayomfanya apende kola. Apimwe masikio, viungo na meno, aangaliwe kupe na homa zake, apewe dawa ya minyoo. Na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kiwe mkononi kabla hajakanyaga nje ya geti. Kama waliowapa hawakuwa nacho, achanjwe tena. Hakuna madhara ya kuogopa katika kurudia.

Kuhusu vifaa, siku ile kola ilichomoka kwa sababu mbwa wa kienyeji wana kichwa chembamba, na shingo yao ikikaribia mabega ni nene kuliko karibu na masikio. Akirudi nyuma, kola inapanda na kutoka. Mnunulieni hanesi, yaani mikanda inayozunguka kifua na mbavu, ambayo kamba yake hufungwa mgongoni. Kwa mbwa anayejua kujichomoa, tafuteni yenye mkanda wa ziada unaopita nyuma ya mbavu, pale kiuno kinapoanza kuwa chembamba. Akirudi kinyumenyume mkanda huo unakwama kwenye mbavu. Msipoipata dukani, fundi wa mabegi anaweza kushona moja kwa mkanda wa nailoni na vifungo vya begi, mradi mmpelekee vipimo vya shingo, kifua na kiuno. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na ngozi, si zaidi. Kola ibaki shingoni kwa kazi moja tu, kubeba kibati chenye namba yako ya simu.

Kamba iwe ya kitambaa au nailoni, ya mita 2, nyepesi. Mnyororo hapana, hata ule mwembamba wa kupendeza, kwa sababu sauti yake anaijua. Zile kamba zinazojikunja zenyewe kwenye kishikio cha plastiki pia ziacheni. Mbwa akishtuka na kishikio kikakuponyoka, kitamfuata kwa nyuma kikigonga lami, na kadiri anavyokikimbia ndivyo kinavyomfukuza.

Mwisho, chakula. Chemsha maini au kuku bila chumvi wala kitunguu, ukate vipande vidogo kama punje ya mahindi. Dagaa wakavu wasio na chumvi wanafaa pia. Chakula hiki kiwe cha kamba peke yake, asikipate saa nyingine yoyote. Kitakusaidia pia kama kipimo. Popi akikitwaa taratibu kwa midomo, yuko sawa. Akikinyakua kwa meno hadi vidole vinauma, hofu imeanza kupanda. Akikikataa, mmeshavuka mpaka wake, na hapo mafunzo yameisha kwa wakati huo. Mfungue na umwache apumzike.

Anza uani, mahali anapopenda kulala, akiwa hajashiba. Toa kamba mfukoni na uishike tu, usimsogelee. Akiitazama, mpe kipande cha ini. Rudisha kamba mfukoni, na maini yakome. Itoe tena, mpe tena. Mpangilio huu ni wa lazima: kamba itangulie, ini lifuate. Ukianza kumwonyesha ini kisha ndipo utoe kamba, utamfundisha kwamba ini ni dalili ya kamba, na baada ya siku chache ataanza kulitilia shaka ini lenyewe. Nimewaona watu wengi wenye mbwa, wapole na wavumilivu, wakikwama kwa sababu hii moja. Utajua somo limeingia siku atakapoiona kamba na macho yake yakahama mara moja kutoka kwenye kamba kwenda mkononi mwako, mdomo umelegea na mkia unatikisika chini chini.

Hanesi nayo ifuate njia hiyohiyo. Ishike ikiwa wazi, peleka kipande cha ini kupitia tundu la kichwani, na umwache apitishe kichwa chake mwenyewe kulifuata. Usimvishe. Akikirudisha kichwa nyuma, sawa, mruhusu, atakipitisha tena. Zingatia sana vifungo vya plastiki, maana vinalia kwa ukali karibu na sikio. Vifunge na kuvifungua mkononi mwako kwa siku kadhaa, mbali naye kwanza, kila mlio ukifuatwa na kipande. Fanya vivyo hivyo kwa kulabu ya kamba. Ule mlio mdogo wa kulabu kujifunga ndio, kwa mbwa kama Popi, wakati mbaya kuliko wote. Mara nyingi ukiangalia utaona ngozi ya mgongo inasinyaa kabla kamba yenyewe haijamgusa.

Akishavaa hanesi na kula kwa raha, funga kipande cha kamba kifupi tu, urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi vidole, kisicho na kitanzi mwishoni ili kisinase kwenye kitu. Mwachie akiburute huku anacheza, ukiwa unamtazama, kwa dakika chache. Usiondoke ukamwacha nacho. Akikizoea, ongeza urefu. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka kwa sababu inaonekana haina maana, kumbe mbwa anajifunza jambo kubwa: kitu kiko mgongoni na bado ninaweza kwenda ninakotaka.

Kisha okota ncha na umfuate yeye. Ndiyo, yeye ndiye aongoze, wewe uende nyuma au ubavuni, kamba ikining'inia. Baada ya siku kadhaa za hivyo, mfundishe maana ya mkazo mdogo. Simama, shika kamba kwa vidole viwili mpaka iwe imenyooka tu, bila kuvuta, na usubiri. Usiseme kitu. Wakati fulani ataegemeza uzito kuelekea kwako, pengine kwa kugeuza shingo tu. Palepale legeza, sema "vizuri", mpe ini. Utaona mwenyewe uso wake unavyobadilika akitambua kwamba mkazo unaisha kwa tendo lake. Kwenye mnyororo mkazo haukuwahi kuisha hata mara moja kwa lolote alilofanya. Rudia kutoka pande zote, dakika mbili au tatu, mara mbili au tatu kwa siku. Zaidi ya hapo anachoka na wewe unaanza kukasirika.

Wakati huohuo mfundishe neno "turudi". Mkiwa mnatembea uani, sema "turudi" kwa sauti ya furaha, geuka, tembea haraka kuelekea mlangoni, umpe ini mkifika. Neno hili litakuokoa barabarani.

Geti lipeni muda kuliko kitu kingine, kwa sababu pale Popi ana hofu mbili, ya kamba na ya ile siku alipoburutwa. Siku za kwanza keti kwenye kigoda hatua kadhaa kutoka getini, geti limefungwa, Popi kwenye kamba iliyolegea, mwage maini na dagaa kwenye majani ayatafute. Kunusa kunamtuliza mbwa. Sogeza kigoda kadiri anavyoendelea kula bila kugeuka geuka. Baadaye mtu mwingine afungue geti kidogo na kulifunga, komeo lilie, maini yafuate. Kisha liwe wazi mkiwa bado ndani, mkitazama nje pamoja. Atakapopiga hatua mbili nje kwa hiari yake, sema "turudi" na uingie naye ndani kabla hajaomba. Wengi hapa hushikwa na tamaa: ameshatoka, basi tufike mpaka dukani. Ukifanya hivyo umempokonya kile ulichokijenga. Akitoka mara nyingi na kurudi mara nyingi bila kulazimishwa, ataanza kukuvuta yeye.

Jifunze kusoma mwili wake, maana atakwambia mapema kabla hajaganda. Analamba pua wakati hakuna chakula. Anapiga miayo bila usingizi. Anainua mguu mmoja wa mbele na kuuacha ukining'inia. Anahema ilhali hakuna joto, kisha ghafla anafunga mdomo na kukaza misuli ya mashavu. Unaona weupe wa jicho pembeni. Ukiona mawili ya haya kwa pamoja, ongeza umbali. Vuka upande wa pili, rudi nyuma, jifiche nyuma ya ukuta. Usingoje ajilaze. Akishajilaza, usimvute wala usimbebe ikiwa hakuna hatari. Chuchumaa pembeni yake ukiwa umempa ubavu, legeza kamba, ngoja. Anapojikung'uta kama aliyetoka majini, hofu imepungua, na mnaweza kurudi nyumbani.

Barabara yenyewe itakuwa rahisi mkishafika hapo. Chagueni alfajiri, kabla bodaboda hazijachangamka na lami haijashika joto. Mchana weka kiganja chako kwa nyuma juu ya lami, na kama huwezi kustahimili kuhesabu hadi saba, nyayo zake haziwezi pia. Epukeni kituo cha mabasi ya mwendokasi na Morogoro Road kwa miezi ya mwanzo. Njia moja fupi, ileile kila siku, ni bora kuliko kumtembeza mtaa mpya kila mara, maana mbwa mwoga hutulizwa na kitu anachokijua. Kamba ishikwe na mtu mzima. Wanao watembee nanyi na wamwage dagaa chini, lakini mtoto asishike kamba ya mbwa anayeweza kushtuka.

Watu mtakaokutana nao mnaweza kuwaomba wasimguse, bila kuona aibu. Mtoto wa jirani akinyoosha mkono, simama katikati yake na Popi, sema "bado anajifunza". Wapo pia majirani Waislamu ambao mate ya mbwa yakiwagusa inawalazimu kujitwaharisha kabla ya swala. Alfajiri ni saa hasa wanayoelekea msikitini, kwa hiyo vukeni upande wa pili mapema. Umbali huo unamfaa Popi pia.

Na akimuuma mtu, hata mchubuko mdogo, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na mtu huyo afike kituo cha afya siku hiyohiyo, haijalishi Popi ana chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba.

Ikitokea akachomoka tena, msimkimbize. Kumkimbiza kunamfanya aende mbali zaidi. Mtu mmoja anayempenda aketi chini, ampe ubavu, asimkazie macho, atikise bakuli lake analolijua. Geti liachwe wazi na tandiko lake liwekwe karibu na mlango. Mbwa wengi waoga hurudi wenyewe usiku mtaa ukishatulia, ilimradi hawakusukumwa hadi mtaa wasioujua.

Unauliza kama ataweza. Kwa uliyonieleza, naamini ataweza kutembea mtaani kwenu kwa kamba iliyolegea, na itachukua miezi. Kufika sokoni au kwenye umati sikuahidi, na sioni kwa nini iwe lazima. Wapo mbwa wanaoishi maisha mazuri kwa kutembea njia moja ya vichochoro kila asubuhi na kucheza uani siku nzima, na mwenye mbwa huyo hajapungukiwa kitu. Kumrudisha kwenye mnyororo ndilo jambo moja ambalo siwezi kulikubali kama jibu, hata mkichoka. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kumwacha mnyama afungwe siku nzima bila uangalizi ni kwenda kinyume na makusudi yake.

Kuna mbwa wachache ambao hofu yao haishuki hata kwa hatua ndogo kiasi gani. Kwao ziko dawa za kupunguza wasiwasi, na hutumika pamoja na mafunzo. Zinaandikwa na daktari wa mifugo kwa uzito na hali ya mbwa. Usimpe vidonge vya usingizi vya binadamu, na ukipewa dawa, uliza kama inapunguza hofu au inalegeza mwili tu. Ziko zinazomfanya mbwa ashindwe kukimbia huku akili yake ikiwa bado imejaa hofu ileile, na kwa Popi hiyo ingekuwa mnyororo mwingine.

Mwambie mume wako kwamba alichofanya ndicho watu wengi wangefanya, na kwamba yeye hasa anahitajika sasa. Popi amemuunganisha na ile siku ya getini, kwa hiyo yeye ndiye awe mtoa maini kwa wiki ya kwanza, akiwa ameketi, kamba ikiwa chini pembeni yake, bila kumfunga mbwa hata mara moja. Wewe piga video fupi za simu siku ya kwanza, kisha kila baada ya wiki, ukionyesha mwili mzima wa mbwa kuanzia pua hadi mkia. Zikifika wiki nne na bado anakataa ini akiwa na kamba uani, mpelekee daktari wenu video hizo kabla hamjaendelea na hatua yoyote ya getini.